Plasta kwenye Kamera Mpya

Mume wangu hapendi flashi. Nianzie hapo, maana hapo ndipo raha zetu zilipoanzia na matatizo yetu pia. Tangu nimjue anapiga picha za watoto wachanga kwa mwanga wa dirisha tu, dirisha kubwa lililo kwenye chumba cha ndani cha studio yetu, na ukimtajia flashi anakukunjia uso kama umemtukania mama yake. Anasema mtoto hajaizoea hata dunia yenyewe, sasa unamwashia radi usoni ya nini. Watu wakambandika jina la Dirisha. Mimi, kwa kuwa nakaa chumba cha mbele na hapiti mtu bila idhini yangu, wakaniita Mama Pazia. Sikuchukia. Pazia ndilo linaloamua dirisha lionekane saa ngapi.

Kazi tumegawana tangu zamani. Chumba cha mbele ni changu: meza ya kupokelea wateja, kompyuta, printa, na kile kisu kirefu cha kukatia picha. Chumba cha ndani ni chake: godoro chini ya dirisha, shuka nyeupe ambazo nafua na kupiga pasi mimi, na yeye. Mama wa mtoto anakaa pembeni ya godoro, mtoto analazwa, mume wangu anapiga magoti, anajilaza kifudifudi, anatambaa, kamera iko mkononi. Hachezeshi mwanasesere wala hapigi makofi. Anamsubiri mtoto afanye lake. Nikitoka kuvuta pazia kidogo huku au kule, kulingana na jua lilivyo, narudi zangu mbele.

Nyuma ya meza yangu imetundikwa picha moja ambayo kila mteja lazima aiulize. Ni binti yetu, mtoto wetu wa pekee, siku chache baada ya kuzaliwa. Anapiga miayo, ngumi iko shavuni, utadhani amerudi kazini amechoka na watu wote. Picha hiyo ndiyo iliyotuletea wateja miaka yote. Na binti mwenyewe, alipoolewa akakaa muda mrefu bila kushika mimba, akasemwa na kila mwenye mdomo, alikuwa akija dukani anaitazama tu. Mimi nilikuwa najifanya nina kazi nyingi kwenye kompyuta. Halafu siku moja akaingia, hata salamu hakutoa, akamwambia baba yake: "Baba, yuko njiani. Utampiga wewe, palepale uliponipiga mimi."

Mume wangu alisema sawa. Alisema sawa, lakini aliangalia chini, na mimi kwa furaha niliyokuwa nayo sikuuliza alichokuwa anatafuta sakafuni.

Sasa, tatizo. Miezi hiyo picha zilikuwa zinanifikia kwenye kompyuta hazijatulia. Kope za mtoto zimeungana, ukucha hauonekani ulipoanzia. Nazirekebisha, nazirekebisha tena, na bado. Wateja wetu wana adabu zao, wanasema, "Naona kama alitikisika kidogo," wanalipa, wanaondoka. Lakini mmoja alirudi akaomba zirudiwe. Zikarudiwa, zikatoka vilevile. Nikailaumu kamera. Ilikuwa mzee kweli, imechubuka kila kona, na tulikuwa tumeipeleka kwa fundi, fundi akasema haina ugonjwa. Nikasema fundi huyo aende akatengeneze redio.

Jirani yetu mpiga picha wa sherehe tunamwita Bwana Harusi, ingawa mwenyewe hajaoa na hana dalili. Yeye alikuwa ameshabadilisha, ameacha kamera kama yetu amenunua ya kitaalamu, ya fremu kamili. Alipenda sana kuhadithia. "Mama Pazia, wiki ya kwanza niliichukia," aliniambia. "Nzito, shingo iliniuma, mafaili yake makubwa yakaijaza kompyuta nikataka kulia. Wiki ya pili nikaingia ukumbi wenye taa mbili tu, nikapiga, nikaangalia. Nikajiuliza miaka yote hiyo nilikuwa nimevaa miwani ya nani."

Nikamuuliza fremu kamili maana yake nini, kwa lugha ya mtu mwenye nguo za kuanua. Akasema kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, kwenye kamera yetu ni kidogo, kwenye hii ni kikubwa sawasawa na fremu ya filamu za zamani. Ukiweka kikombe na beseni nje mvua ikinyesha, utaona kipi kitakuwa na maji mengi. Hilo nililielewa.

Basi nikamshupalia mume wangu. Asubuhi kamera, mchana kamera, nikimpakulia chakula kamera. Yeye ana mkono wa birika tangu ujana wake, nikadhani ni ule ubahili tu. Alipokubali alikubali shingo upande. Bwana Harusi akatupeleka kwa muuzaji anayemwamini, na muuzaji akatupa sharti zuri: tukiona haitufai tuirudishe kabla ya mwisho wa mwezi, mradi isiwe na mkwaruzo.

Siku ilipofika mume wangu aliifungua kwenye godoro la watoto, juu ya shuka safi. Akaiweka kamera ya zamani kando yake, akawa anahamisha mipangilio kutoka ile kwenda hii, kitufe kwa kitufe, kama mtu anayehama nyumba na kung'oa hata misumari ya ukutani. Nilimwacha. Kitu kimoja tu kilinigusa. Mume wangu ana tabia: kila kamera yake, siku ya kwanza, ananiomba pini ya kitambaa changu cha kichwa, anaigeuza kamera chini juu, anachora kidirisha. Mraba mdogo na msalaba katikati. Ile ya zamani inacho, na iliyoitangulia, ambayo siku hizi imekaa rafuni kama marehemu, inacho pia. Safari hii hakuomba pini. Nikajiambia pengine anaona huruma kukwaruza kitu cha bei kubwa namna ile.

Mteja wa kwanza akaja, mtoto mnene mwenye nywele nyingi, mtulivu. Nilikaa mbele ya kompyuta kama mwali. Picha zikafunguka. Jamani, zilikuwa mbaya kuliko za mwanzo. Ile kamera ya zamani ilikuwa inapaka mambo, unaona ukungu tu husemi ni nini. Hii mpya haikuwa na heshima hiyo. Kila ukope ulikuwa umeandikwa mara mbili, mmoja halafu kivuli chake pembeni, wote kuelekea upande mmoja. Mtoto hakutikisika. Mtoto angetikisika, shuka ingebaki imetulia, na shuka nayo ilikuwa imeandikwa mara mbili.

Nikainuka polepole nikaenda mlangoni mwa chumba cha ndani. Alikuwa bado amepiga magoti, mteja anamvalisha mtoto wake, na yeye anatazama mkono wake wa kulia. Ulikuwa unatetemeka. Si sana, ni kama mtu anayechekecha unga taratibu.

Hapo mambo yakajipanga yenyewe kichwani mwangu. Chai ambayo siku hizi anataka nusu kikombe. Mashati ya vifungo aliyoyaacha kabatini, anavaa fulana za kuvutia kichwani tu. Funguo anazonipa mimi nifungue mlango, na mimi nikidhani ananidekeza. Niliogopa, nisiseme uongo. Halafu nikakasirika, maana woga wangu haujui kukaa peke yake.

Mteja alipotoka nikafunga mlango wa mbele, nikakaa mbele yake godoroni.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

Hakujifanya hamnazo, namshukuru kwa hilo. "Mwaka jana ulianza. Nimekwenda hospitali. Wamesema hauui, ni wa kurithi. Unamkumbuka baba, kikombe chake kilivyokuwa kinalia kwenye kisahani? Ndio huo."

"Na dawa?"

"Zipo za kupunguza. Zinapunguza kidogo. Kuisha hauishi."

"Ukaenda hospitali peke yako, na mimi nipo."

"Ungenikataza kufanya kazi."

"Ningekukataza kwenda peke yako, mjinga wewe," nikamwambia, nikaanza kukunja shuka ambayo haikuwa na haja ya kukunjwa.

Akaniacha nikunje. Halafu akasema taratibu kwamba aliikubali kamera mpya akitumaini itamsitiri. Watu wanazisifu, akadhani labda ina ujanja wa kumficha. Badala yake imemuumbua. Alishajaribu stendi ya miguu mitatu, kwa siri, mimi nikiwa nimetoka, lakini mtoto hasubiri mtu akaze skrubu. Ukimaliza kukaza, lile lililokupendeza usoni mwake limeshapita. Na flashi hakuitaja, nami sikuitaja.

"Irudishwe," akasema. "Ndiyo maana sikuikwaruza. Mtoto wa binti yetu akija, Bwana Harusi atampiga. Kijana ana jicho zuri."

"Na wewe utafanya nini?"

"Nitakuja huku mbele nikusaidie kukata picha."

"Kwenye kisu kile, na mkono huo? Utatuachia vidole mezani."

Nilitaka acheke. Hakucheka. Mtu ambaye maisha yake yote ameyapitisha amepiga magoti chini ya dirisha lile alikuwa amekata shauri ainuke, na mimi sikuwa na neno la kumrudisha chini. Nimezoea kuwa na neno. Usiku nililala nimempa kisogo, si kwa hasira, ni kwamba sikutaka anione.

Mjukuu akazaliwa. Wa kike, mwenye afya, sauti yake unaisikia toka getini. Nilipokwenda kumwona nikamwambia karibu mke mwenzangu, umekuja kuninyang'anya mzee wangu, basi mchukue na tabia zake zote. Binti yetu alicheka mpaka akashika tumbo lake. Halafu akasema Jumamosi watakuja studio, na ameshamnunulia mtoto nguo lakini hatamvalisha, kwa sababu yeye mwenyewe kwenye picha yake hakuwa amevaa kitu. Akaniuliza, "Baba amejiandaa?" Nikasema uliza mwenyewe. Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu: kama humpigi, mwambie wewe, mimi sibebi ujumbe huo. Akasema atamwambia. Siku zikapita, hakumwambia.

Ijumaa alikwenda kuoga mapema, na mimi nikabaki studio kuifungasha kamera. Nilikuwa nimeshikwa na uchungu, lakini kitu cha watu kinarudishwa kikiwa safi. Nikachukua kitambaa laini, nikaanza kuifuta, juu, pembeni, karibu na vile vitufe vya kidole gumba. Kitambaa kikakwama. Nikaangalia vizuri. Kulikuwa na kipande cha plasta.

Plasta hiyo naijua. Miaka mingi iliyopita, kwenye kamera ya zamani, kidole cha mume wangu kiligusa kitufe cha ISO bila yeye kujua, kile kinachoifanya kamera ione zaidi penye mwanga mdogo. Kamera ile ukiipandisha tu kidogo inatema chenga, picha nzima inajaa punje kama umeimwagia mchanga. Ilikuwa picha ya mapacha, na mama yao alikuwa amesafiri kutwa kutuletea. Mume wangu aliumia. Akaishusha ISO, akakata plasta ya kidonda, akakifunika kile kitufe, akatangaza kwamba hakuna mkono utakaokigusa tena. Na kweli haukugusa. Mwanga ukipungua, alichokifanya ni kuiacha shata, kijipazia cha ndani kinachopitisha mwanga, ifunguke muda mrefu zaidi, akabana viwiko mbavuni na kuzuia pumzi, maana ikiwa wazi hivyo kila mtikisiko unaingia kwenye picha. Alikuwa na mkono wa mawe wakati huo. Aliweza.

Sasa plasta ileile, imekuwa ya njano, pembe zimejikunja, alikuwa ameibandua kwenye kamera ya zamani akaibandika kwenye mpya. Kitufe kilekile. Alipohamisha misumari yake ya ukutani alihamisha na hii.

Nilisimama nayo mkononi, mwili mzima unanichemka. Mtu ananunua beseni kubwa kuliko la jirani, halafu analifunika na sahani. Amekaa mwaka mzima anatetemeka mbele ya shata iliyofunguka polepole, anabana pumzi kama mzamiaji, anajiona amekwisha, na dawa yake iko chini ya kidole chake mwenyewe. Nikaibandua plasta kwa ukucha. Nimekaa na mpiga picha muda wa kutosha kujua kilipo kila kitu. Nikaipandisha ISO mpaka kwenye namba ambazo kwenye nyumba yetu hazitajwi mbele ya watu, na shata nikaiharakisha.

Kisha nikatafuta giza. Tuna stoo kwenye korido, haina taa tangu balbu iungue na kila mmoja wetu kumsubiri mwenzake ainunue. Nikafungua mlango, nikaelekeza kamera ndani, mikono yote miwili inanitetemeka kwa hasira, nikabonyeza. Hata sikuangalia ninapiga nini.

Kwenye kompyuta ikafunguka mopu. Mopu yetu, imeegemea ndoo ya bluu. Nikaikuza picha. Nyuzi za mopu zilikuwa zimetengana moja moja, unaweza kuzihesabu ukiwa huna kazi. Ule ufa wa ndoo ambao nimekuwa nikimwambia mume wangu upo na yeye akisema haupo, ulikuwepo. Chenga zilikuwepo pia, lazima niseme ukweli, lakini laini, kama unga unaobaki mezani baada ya kufuta. Nilikaa nikiiangalia mopu ile, na machozi yakanitoka. Sikuwahi kudhani nitaililia mopu.

Nikaichapa kubwa, ukubwa tunaowachapia watu wanaotaka kutundika sebuleni. Nikaiweka kwenye godoro chini ya dirisha, mahali wanapolala watoto, nikafunga studio nikaenda nyumbani. Sikumwambia neno. Alinitazama mara mbili tatu wakati wa chakula, kunyamaza kwangu kulimtisha.

Jumamosi asubuhi alitangulia kuingia chumba cha ndani. Nikamsikia amesimama.

"Hii nini?"

"Mtoto wa ndoo," nikamjibu nikiwa huku mbele. "Mama yake anaomba umsifie."

Nilipoingia alikuwa ameshachukua kioo chake cha kukuzia, amekiweka juu ya picha, anatafuta chenga kama mtu anayechambua mchele wa wageni. Akahamia kona nyingine. Akahamia kivulini, ambako chenga hupenda kujificha.

"Ulitumia stendi."

"Stendi sijui hata inafungukia wapi."

"Ni wapi hapa?"

"Stoo."

"Stoo hakuna taa."

"Ndiyo, tumshukuru asiyenunua balbu."

Akauliza nilipandisha mpaka ngapi. Nikamtajia. Akakiondoa kioo machoni, akanitazama kama nimemwambia nimeiuza nyumba. Ndipo nikafungua kiganja nikamwonyesha plasta. Aliiangalia muda mrefu. Niliona uso wake ukielewa, polepole, kutoka kwenye macho mpaka kwenye kidevu.

"Niliibandika mwenyewe," akasema.

"Uliibandika mwenyewe."

"Na mkono wako? Ulikuwa umetulia?"

"Ulikuwa unatetemeka kuliko wako. Nilikuwa na hasira na wewe."

Akakaa godoroni kando ya mopu yake. Akaanza kucheka, kicheko kidogo cha puani, kikakua, kikamshinda, akawa anajifuta macho kwa mgongo wa ule mkono unaotetemeka. Nikakaa naye. Lakini alipotulia alikuwa na uso uleule wa jana. "Mopu haipigi miayo, Mama Pazia," akasema. "Imesimama tu. Mtoto ni kitu kingine. Kama nikimkosa huyu, sitarudia kushika kamera. Nakwambia mapema."

Alikuwa anasema kweli, na nilimjua.

Binti yetu akaja, mtoto kifuani, mumewe amebeba mikoba utadhani wanahama. Mkwe tukamkalisha huku mbele. Binti akaingia ndani, akamlaza mtoto wake chini ya dirisha, akamfunua. Mke mwenzangu akakunja miguu, akatoa sauti moja ya malalamiko, akanyamaza. Mume wangu akachukua kamera, na binti akaona.

"Baba, una baridi?"

Nikadhani atasema ndiyo. Nilikuwa tayari kumsaidia, nilishaanza kusema kuhusu dirisha. Lakini alimtazama binti yake akasema, "Hapana. Mkono unatetemeka. Siku hizi ndivyo ulivyo, na hautapona. Babu yako naye alikuwa nao. Nilitaka nikufiche."

Binti alikaa pembeni ya godoro, palepale mama wote wanapokaa, akaweka mikono mapajani. "Haya, baba," akasema baadaye. "Mjukuu wako huyo. Tunasubiri."

Akapiga magoti. Nikaenda kwenye pazia, nikalivuta kidogo kulia, kwa sababu jua lilikuwa linaingia kwa kiherehere. Akapiga moja, akapiga nyingine. Mtoto akarusha mguu. Akatambaa upande wa pili, akajilaza kifudifudi, kiwiko kimeinuka, hakikubana mbavu. Nikaona hakuwa amezuia pumzi. Nilikuwa sijamwona akipumua na kamera mkononi kwa muda mrefu sana.

Halafu wingu likapita. Chumba kikafifia, ile hali ambayo siku zote ilimfanya ashushe kamera na kusema tusubiri. Nikamwona kidole gumba chake kinapapasa kile kitufe, kinasita, kinakibonyeza. Hakushusha kamera. Mtoto akageuza uso kuelekea dirishani, akafumbua jicho moja, akakunja pua, na mdomo ukaanza kufunguka. Kamera ikalia.

Tukaenda wote kwenye kompyuta, hata mkwe akasogea. Mimi ndiye niliyefungua. Ya kwanza alikuwa amekosea fokasi, sikio zuri, uso hapana. Ya pili mguu umepita kama upepo. Mume wangu hakuwa anaangalia skrini, alikuwa anaangalia picha ya zamani ukutani. Ya tatu, ya nne, nzuri za kawaida. Nikafungua iliyofuata.

Miayo. Mdomo wazi, ulimi mdogo umejikunja, jicho moja limefumba kwa nguvu na la pili halijaamua. Nikakuza mpaka kwenye lile jicho lililo wazi. Kila ukope umesimama peke yake. Na ndani ya jicho, ukitazama sana, lilikuwepo dirisha letu, na chini ya dirisha mtu amejilaza na kitu cheusi usoni.

"Baba, ni wewe," binti akasema. "Umo ndani yake." Akaanza kulia, na mkwe naye akageukia mlangoni kana kwamba ameitwa.

Mume wangu akainama, akatazama. Alitazama jicho, akatazama yule mtu mdogo aliye ndani ya jicho. Nilijua anachokitazama: mikono ya yule mtu ilikuwa imetulia tuli. Akaweka kiganja chake begani kwangu, kikawa kinatetemeka pale, nami nikakiacha kitetemeke.

Wakati huo Bwana Harusi akachungulia mlangoni. "Hodi humu. Mama Pazia, muuzaji amenipigia. Anauliza kamera mnairudisha leo au kesho?"

Nikamtazama mume wangu. Midomo ilikuwa inaniwasha lakini nikajikaza. Neno hili halikuwa langu.

"Nipe pini," akasema.

Nikachomoa pini, kitambaa cha kichwa kikaniangukia shingoni mbele ya mkwe, sikujali. Aliigeuza kamera chini juu kwenye meza yangu. Binti akanyoosha mkono, akasema, "Nikushikie, baba?" Baba yake akatikisa kichwa. Akaweka ncha ya pini kwenye ile rangi nyeusi isiyo na doa, na mkono ukatetemeka, na yeye akaendelea kuchora nao unatetemeka. Alichukua muda. Mraba ukatoka na kona moja imeshuka, msalaba umelala upande.

"Limepinda," nikamwambia.

"Lakini linafunguka," akasema.

Bwana Harusi alikuwa bado mlangoni, simu sikioni, anasubiri jibu. Nikamwambia amwambie muuzaji tunasikitika sana, kamera imepata mkwaruzo.